Tulivyolala Kapolowe na watoto

Wengi wenu mlinicheka niliposema kwamba likelemba yangu ya mwezi wa nane itaenda kulala porini. "Sisi tulikimbia kijiji, wewe unalipa franka ili urudi?" mmoja aliniuliza pale sokoni, na sikuwa na jibu la kumpa.

Sababu yangu ilikuwa ndogo. Mtoto wangu wa tatu, mwenye miaka saba, aliulizwa na mwalimu makala hutoka wapi. Akajibu: "Kwa mama." Darasa zima likacheka, na mimi nilipoelezwa nilicheka pia. Usiku usingizi ukakataa. Ninauza makala mbele ya mlango wangu hapa Katuba tangu kabla mtoto huyo hajazaliwa, kwa hiyo hakusema uongo. Lakini mti wa msituni hajawahi kuugusa. Miti anayoijua ni miembe ya majirani na mparachichi wa parokia.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni dereva, na aliazima hema mbili na gari kwa siku tatu za mwisho wa vakanse. Tulikuwa watu tisa: sisi wazazi, shemeji, watoto watano, na mama yangu, Nkambo wao. Kusema kweli sikutaka kumchukua Nkambo. Magoti yanamsumbua, na niliogopa baridi ya usiku. Yeye akaenda kukaa ndani ya gari na kifurushi chake saa kumi na moja asubuhi, kabla hata ya mizigo kupakiwa, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Barabara ya Likasi mnaijua. Ukiitoka Lubumbashi unapita muda mrefu kabla ya kuona mti ulio mnene kuliko mkono wa mtu. Ni vichaka, majani yaliyoungua, na viulu virefu vya mchwa vimesimama peke yake kama nyumba zilizoachwa. Vingine vimekatwa nusu, kwa sababu udongo wake ndio unaofanya matofali mazuri. Nyumba nyingi za mitaa yetu zilikuwa viulu zamani. Upande wa pili wa barabara, baiskeli za makala zilikuwa zinakuja mjini, moja nyuma ya nyingine, kila moja na mifuko mitatu au minne, mwenyewe akisukuma kwa kifua. Nilianza kuzihesabu ili watoto wasichoke. Tulipofika 40 niliacha, kwa sababu nilianza kuwajua watu. Wawili kati yao wananiuzia mimi.

Kapolowe iko kabla ya kufika Likasi. Pale Gare tulinunua chumvi na mkate, kisha tukaiacha lami na kuifuata njia ya vumbi mpaka ziwani. Wengi tunawajua samaki wa Kapolowe kwenye beseni tu. Ziwa lenyewe, kwenye ramani linaitwa Tshangalele, na siyo la tangu Mungu aumbe dunia. Mto Lufira ulizuiliwa kule Mwadingusha ili maji yatoe umeme wa kuyeyushia shaba, na kituo kikaanza kazi mwaka 1930. Bonde likajaa maji, ndege wakaja, samaki wakazaana, wavuvi wakajenga. Mwaka 1982 bonde la Lufira likaingizwa na UNESCO katika hifadhi zake za dunia. Mume wangu aliona ajabu kwamba ziwa lililofanywa na watu ndilo tulilolifuata ili watoto waone maumbile. Nilimwambia ndege hawaulizi nani alijenga.

Neno moja kwa anayetaka kwenda: anza kwa mkubwa wa kijiji kabla ya kushusha hata sufuria. Tulimpelekea sukari na sabuni, akatupa kijana wa kutuonyesha mahali, juu kidogo, mbali na maji. Akatukataza kabisa kushuka ufukoni jua likizama, kwa sababu ya mamba. Tulichukua bidoni tano za maji ya kunywa kutoka nyumbani, na ningekwenda tena ningechukua saba. Chandarua ni lazima. Blanketi mbili kwa kila mtoto, hata kama mchana unatoka jasho. Na maji ya ziwa lenyewe, watoto wetu hawakuyaogelea. Watafiti wamekuta kobalti na shaba katika matope na samaki wa upande huu, kwa sababu ya mito inayoshuka kutoka kwenye viwanda vya madini, na mtoto mdogo kila kitu anaweka mdomoni. Tuliwaogesha kwa maji ya kisima. Samaki tulikula, siwezi kuwadanganya, lakini mara moja tu.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Watoto waliozoea kelele za baa na jenereta hawakuweza kulala kwa sababu ya kimya, na kimya chenyewe kilikuwa na vyura ndani. Binti yangu mkubwa aliomba turudi. Mdogo akalia alipomsikia bundi. Nilikuwa karibu kukubali nilipomsikia Nkambo anatoka nje ya hema, katikati ya usiku, kwa haja zake, halafu anawaita watoto kwa Kibemba, lugha ambayo nyumbani haisemi tena. Wakatoka wote wamejifunika blanketi. Alikuwa anawaonyesha kilimia, vile vinyota vilivyobanana, vikipanda upande wa mashariki. Aliwaambia kwamba kwao Kasenga wazee walivitazama hivyo ili kujua wakati wa kutayarisha shamba. Hapa Katuba, kwa taa na moshi na vumbi, mimi mwenyewe sikuwa nimeviona tangu nilipoolewa. Watoto walikaa nje hata miguu ikapoa. Hakuna aliyeomba kurudi tena.

Asubuhi Nkambo alichukua fimbo akasema anakwenda kutembea. Yule mwanamke ambaye nyumbani anasaidiwa kushuka ngazi mbili alitutangulia sisi wote.

Tuliingia mahali ambapo msitu bado umebaki. Mimi nilidhani mwezi wa nane pori limekufa: hakuna mvua tangu mwezi wa nne, chini kote kumeungua moto. Lakini juu miti ilikuwa myekundu. Majani mapya, laini kama ulimi wa mtoto, yenye rangi ya divai na ya shaba. Mtoto wangu wa saba akauliza kama miti inaumwa. "Inavaa," Nkambo akasema. "Mvua haijaja, lakini huyu muputu hamngojei. Anavaa kwanza." Mizizi ya miti hii inashuka chini sana, na maji iliyoyaweka ndiyo inayotumia kutoa majani wakati sisi juu tunalia jua. Wekundu huo baadaye unageuka kijani. Nimekaa Katanga miaka yangu yote na sikujua.

Akatuonyesha mutondo, ambao juu yake finkubala wanakula na kunenepa, wale wale tunaowanunua kwa kopo na kuwakaanga na nyanya. Mutondo ukikatwa, finkubala hawahamii kwenye mwembe. Akatuonyesha mupundu na musuku. Kwenye kiulu kimoja alisimama akasema hapa, mvua zikianza, ndipo unapoota ule bowa mkubwa kama mwavuli, ambao wanawake wanauinua kando ya barabara ili madereva wasimame. Mchwa ndio wanaoulima, ndani kwenye giza lao. Bowa wengine, wale wadogo wa manjano, wanaishi na mizizi ya muputu na mutondo. Mti unawalisha na wao wanaulisha mti. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kuwapanda uani, na mimi nimejaribu mara mbili, mwaga maji, funika majani, bure.

Hivyo vyote ninavijua kwa bei yake. Bowa, finkubala, masuku, makala: kila kimoja kina kopo lake pale sokoni, na kila mama ana meza yake. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mti mmoja.

Mbele kidogo msitu ulikatika ghafla, kama nguo iliyochanwa. Visiki, halafu mduara mweusi, halafu tuta refu la udongo linalotoa moshi kwa pembeni. Mwenye tanuru alikuwa pale, anaziba tundu kwa bonge la ardhi ili moto usipumue. Alitusalimu vizuri, akampa Nkambo gogo akae. Watoto walimzunguka na maswali, naye aliyajibu yote kwa uvumilivu: anapanga magogo, anafunika majani, anafunika udongo, anawasha, kisha analala karibu nalo siku nyingi kwa sababu moto ukipata hewa usiku mmoja, kazi yote inakuwa majivu. Masuku na mupundu hazikati, kwa sababu ya matunda. Mutondo na muputu ndiyo makala mazito, yale ambayo wamama wa mjini wanataka. Tanuru ile, alisema, imekula miti kumi na minne, na Mungu akisaidia itatoa mifuko thelathini. Ana watoto wanne shuleni.

Binti yangu mkubwa yuko darasa la sita na anapenda hesabu. Akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama, wewe kwa mwezi unauza mifuko kama kumi na tano."

Nikasema ndiyo.

"Basi sisi tunauza miti saba kila mwezi."

Nilimwambia anyamaze, na sikumwambia vizuri. Yule mdogo wa saba alikuwa anaangalia tanuru, halafu mimi, halafu tanuru. "Hii ni yetu?" akauliza. Mwenye makala akacheka, akasema, "Ni yetu sote, mtoto," akaendelea kuziba tundu lake.

Sitaki mtu asome hapa kwamba nimemlaumu yule baba. Mikono yake ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko. Wala sitajilaumu mimi peke yangu kana kwamba jirani zangu wanapika kwa jua. Nyaya za umeme wa Mwadingusha zinapita katika nchi ile juu ya vichwa vya watu wanaopika kwa kuni, na sisi mjini umeme ukikatika jioni, sote tunatoa mbabula nje. Lakini nilirudi kwenye hema nikiwa nimenyamaza, na mume wangu alidhani nina homa.

Jambo moja Nkambo alilifanya kabla hatujaondoka pale. Alimwita binti yangu, ambaye bado alikuwa amenuna, akamwinamisha juu ya kisiki cha zamani. Pembeni mwa kisiki kulikuwa na vitawi vinne, vyembamba, na majani yake mekundu. Kisiki cha muputu hakifi, alisema, moto mkali usipokirudia kila mwaka, na mtu asipokata tena vile vitoto. Kinataka kuachwa tu. Kwa miaka mingapi, binti akauliza, maana yeye lazima apate namba. Nkambo akasema, mpaka wewe uwe na mjukuu, labda. Binti akaondoa majani makavu kuzunguka kisiki kile, kwa mikono, ili moto usipate chakula. Yule baba wa makala alimtazama, kisha akaja na jembe lake akamsaidia.

Siku ya tatu tulilala tu, tukatazama ndege. Wale weupe wenye miguu mirefu walisimama katika maji wakati wote tuliokuwa tunakunywa chai, na mume wangu, mtu asiyeweza kukaa dakika tano bila redio, alikaa na kikombe kimepoa mkononi.

Bado ninauza makala. Mlionipitia wiki hii mmeniona. Ila nimenunua mbabula ya udongo ndani, inayokula kidogo, nimeiweka mbele ya meza yangu iwake ili wateja waone sufuria ya maharagwe inavyoiva, na wawili wameshaniuliza fundi wake ni nani. Faida itapungua, mume wangu anasema, na ana haki. Wale wawili wa baiskeli nimewauliza kama wanaacha visiki. Mmoja alicheka. Mwingine alisema hajawahi kuulizwa swali hilo na mteja, na alikaa muda mrefu akinieleza sehemu anazokata.

Nkambo amerudi kwenye kiti chake barazani, na magoti yamemsumbua wiki nzima. Watoto sasa wanakaa naye jioni na wanamwomba majina ya miti kwa Kibemba. Binti anayaandika nyuma ya daftari la hesabu. Amefika ishirini na sita.

Wanaotaka kwenda mwaka kesho waanze kuweka sasa. Hema shemeji amekubali kutuazimia tena, na gari linaingiza mama wanne na watoto wao wakibanana. Blanketi kila mtu aje na zake. Na mwenye mama mzee nyumbani, ampakie kwanza.