Twende Tabora Tukaione Shule Kongwe

Ndugu msomaji, leo tunasafiri. Nauli haihitajiki. Kaa chini ya mti, pumzika baada ya kazi ya shamba, kisha tusome pamoja. Tunakwenda Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi. Huko tutaiona shule ya sekondari ya wavulana ambayo watu wengi huiita Tabora Boys.

Njia ya mizigo

Zamani hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Palikuwa na njia ya miguu. Njia hiyo ilianza Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikafika Tabora. Kutoka Tabora iliendelea mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Misafara ilitumia miezi miwili au mitatu kutoka pwani mpaka Tabora. Kila mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 30. Kwenda bara walibeba nguo, ushanga na waya. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu.

Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo. Wengi walikwenda kwa hiari yao na walilipwa. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa, wanaume, wanawake na watoto. Hao hawakulipwa kitu, na wengi hawakurudi kwao. Tusisahau jambo hilo.

Ukifika Tabora utaona miembe mikubwa yenye kivuli kizuri. Wazee husimulia kwamba miembe mingi iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Karibu na mji, mahali paitwapo Kwihara, kuna nyumba ya tembe. Dakta Livingstone alikaa hapo mwaka 1872. Leo ni nyumba ya makumbusho.

Baadaye Wajerumani waliivamia nchi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao kwa ushujaa mpaka alipokufa mwaka 1893. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora kwa reli hiyo ni kama kilomita 840. Safari iliyochukua miezi kwa miguu ikawa safari ya siku chache tu.

Shule ya watoto wa watemi

Waingereza walipotawala baada ya Wajerumani, waliifungua shule hii ya Tabora katika miaka ya 1920. Hawakuifungua kwa ajili ya watoto wote. Walitaka hasa watoto wa watemi, ili wakikua wawasaidie kutawala. Mtoto wa mkulima wa kawaida hakufikiriwa.

Lakini elimu ni kama mbegu. Mwenye kuipanda hawezi kuiamuru iote namna anavyotaka yeye. Mwaka 1937 alifika hapo kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere. Baba yake alikuwa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora mpaka mwaka 1942, kisha akaenda Makerere. Rashidi Kawawa naye alisoma Tabora, na yeye hakuwa mtoto wa mtemi. Wakoloni walitarajia kupata wasaidizi. Badala yake shule ilitoa watu walioongoza nchi kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Leo Tabora Boys ni moja ya shule za vipaji maalumu. Wanaochaguliwa ni wanafunzi waliofanya vizuri sana katika mitihani. Mtoto wa mkulima wa mpunga, mfugaji au mrina asali anaweza kuchaguliwa. Kutoka kidato cha kwanza mpaka cha nne ada ilifutwa mwaka 2016. Kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022. Basi, ndugu msomaji, shule hiyo ni yako pia.

Ukarabati

Jengo nalo huzeeka kama mtu. Jua hulichoma, mvua hulipiga, na mchwa hula mbao zake. Shule zetu nyingi za zamani zilifika katika hali hiyo. Mabati yalivuja, sakafu zilibomoka, vyoo vilijaa na mabomba yalikauka. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilianza kazi ya kukarabati shule kongwe. Kukarabati ni kukitengeneza kitu kilichochakaa mpaka kifae tena. Shule kongwe za sekondari ni zaidi ya 80 nchini, na Tabora Boys ni mojawapo. Kazi ilikuwa ya madarasa, mabweni, maabara, mabwalo ya chakula, vyoo, maji na umeme.

Sasa fikiri kidogo. Shule ya bweni si kama ghala la pamba. Ghala unaweza kulifunga mpaka fundi amalize. Shule ina watoto ndani yake, na mtihani haumsubiri fundi. Bweni moja likifungwa, wanafunzi wake huhamia bweni jingine na kubanana. Darasa likiezuliwa, somo huhamishiwa mahali pengine. Nyundo hugonga wakati mwalimu anafundisha. Vumbi huingia hata kwenye madaftari. Hapo ndipo unapouona moyo wa shule. Wenye moyo huhamisha madawati pamoja, hupanga zamu ya kuchota maji, na kengele ikilia hurudi kusoma.

Kuna jambo jingine la kufikiri. Mwanafunzi wa kidato cha sita huondoka mapema. Anaweza kuvumilia vumbi mwaka mzima, na rangi mpya ikapakwa yeye akiwa amekwisha kwenda. Atakayelala katika bweni jipya ni mtoto asiyemjua. Je, amepata hasara? Hapana. Yeye naye alikalia dawati lililotunzwa na waliomtangulia. Mpagazi wa zamani alibeba pembe ambazo hazikuwa zake, zikaenda mbali na hazikurudi. Mwanafunzi huyu anabeba mzigo ulio wetu sote, nao unabaki hapa hapa nchini.

Usipoziba ufa

Mimi ni bwana shamba. Mara nyingi nimeona mkulima akipata jembe jipya, kisha akaliacha nje kwenye mvua. Baada ya mwaka mmoja jembe limeliwa na kutu. Majengo ni vile vile. Fedha nyingi za umma zimetumika kutengeneza shule kongwe. Kama hatutazitunza, zitaharibika tena, na watoto wetu watazikuta mbovu kama tulivyozikuta sisi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mambo ya kufanya si magumu. Hayahitaji mhandisi, na hata shule ya msingi ya kijijini kwako inaweza kuyafanya:

Kila wiki tazama kuta kwa nje na kwa ndani. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani, huyo ni mchwa. Ikwangue, kisha tafuta anapotokea.

Ondoa udongo, kuni na majani yaliyoegemea ukuta. Mchwa hupenda kujificha hapo.

Kabla mvua za Novemba hazijaanza, panda juu ukague mabati na misumari. Safisha mifereji ya maji. Bati moja linalovuja huozesha kenchi nzima.

Chimba mtaro ili maji ya mvua yaende mbali na msingi.

Ufa mdogo uzibe wakati wa kiangazi, kabla haujawa mkubwa.

Vyoo visafishwe kila siku. Kitasa kikilegea kikazwe siku hiyo hiyo.

Kazi hizi zinafaa kugawanywa. Wanafunzi wafanye usafi. Mwalimu mkuu aweke daftari la matengenezo. Kazi ya juu ya paa ifanywe na watu wazima. Kamati ya shule ikague kila mwezi. Nanyi wazazi mliojua kusoma ombeni kuliona daftari hilo, mlisome wenyewe, msingoje kusomewa. Mtu anayejua kusoma hadanganywi kwa urahisi.

Ndugu msomaji, Tabora ni mbali kwa wengi wetu, lakini njia ya kwenda Tabora Boys huanzia katika shule ya msingi ya kijiji chako. Mtoto mwenye kipaji akikaa chini ya paa linalovuja, daftari lake likalowa, kipaji chake hakitajulikana. Hatafika Tabora wala kwingine.

Basi siku ya mkutano wa kijiji, simama uulize mambo matatu. Shule yetu ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Ufa uko wapi? Nani ataziba, na siku gani? Majibu yaandikwe, kisha siku iliyotajwa nenda ukaangalie kama kazi imefanyika.