Mtihani wa R na L

Nilipomaliza mwaka wa pili chuoni nilipata kibarua cha likizo katika kituo kimoja cha lugha mtaani Rohero. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Buyenzi kwa miguu, nikapita Bwiza na katikati ya mji, hadi kwenye barabara za Rohero zenye miti mikubwa, mageti ya chuma na vibao vya ofisi. Kazi yangu ilikuwa kuwasimamia watu waliokuja kupimwa Kiingereza, kusahihisha karatasi zao, na kuwasikiliza wakisoma maneno kwa sauti. Wenzangu darasani walinicheka. Mwanafunzi wa Kiswahili, walisema, anakwenda kuwapima watu Kiingereza! Mimi nilijiona nimefika.

Watu waliokuja walikuwa wengi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Wahasibu, wauguzi na mafundi umeme waliosomea kazi zao kwa Kifaransa wakajikuta wanaombwa cheti cha Kiingereza kila walipotaka kwenda Kampala, Nairobi au Arusha. Walikuja wakiwa wamevaa vizuri kana kwamba wanakwenda harusini, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, wakisubiri kuitwa.

Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Msamiati alama 40, sarufi alama 40, matamshi alama 20. Aliyepata 60 alipewa cheti cha daraja la kati. Asiyepata alisubiri miezi mitatu ndipo arudie. Katika msamiati mtu alichagua maana ya neno kati ya nne. Katika sarufi alijaza mapengo. Katika matamshi alisoma jozi kumi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Jozi nne zilipima r na l, kama “rice” na “lice”. Jozi tatu zilipima sauti ya th, kama “think” na “sink”. Jozi tatu za mwisho zilipima i fupi na i ndefu, kama “ship” na “sheep”. Kila neno lilikuwa na alama moja, na sharti lilikuwa hili: maneno mawili ya jozi yakisikika sawa, yote mawili yanakosa.

Kabla ya kuajiriwa nilipimwa kwa karatasi hiyo hiyo, na katika matamshi nikapata 16 kati ya 20. Nilifurahi sana. Sikujiuliza alama hizo nilizipata wapi.

Wiki ya tatu alikuja dada mmoja muuguzi kutoka Ngozi. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri kwa basi. Alikuwa amechaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya miezi miwili Kampala, na jina lake lingethibitishwa akipeleka cheti kabla ya mwisho wa mwezi. Nilisahihisha karatasi yake ya kuandika nikampa 30 katika msamiati na 21 katika sarufi. Alibakiwa na alama tisa tu za kutafuta kwenye matamshi.

Utaratibu wetu ulikuwa kuzungumza na mtu dakika chache kabla ya kusoma maneno, ili atulie. Mazungumzo hayo hayakuwa na alama. Nilimwuliza kwa Kiingereza anafanya kazi gani. Alinieleza kwamba yuko wodi ya watoto, na kwamba watoto wengi huletwa wakiwa wamekaukiwa maji kwa sababu ya kuharisha. Nikamwuliza mama afanye nini ikiwa nyumbani hakuna dawa. Akanijibu bila kusita: chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, koroga, mpe mtoto kidogo kidogo. Alisema “one ritre”, akasema “crean water”, akasema “rittle by rittle”. Nilielewa kila kitu. Ningeweza kwenda nyumbani jioni ile nikaitengeneza dawa hiyo bila kukosea kijiko.

Kisha nikampa orodha ya maneno. Katika jozi nne za r na l, maneno yote yalitoka kwa sauti moja, ile r nyepesi ya Kirundi. Sufuri kati ya nane. Katika jozi za th alisema “sink” na “sink”. Sufuri kati ya sita. Katika i fupi na i ndefu hakukosea hata moja, sita kati ya sita. Nikajumlisha: 30 na 21 na 6. Ikawa 57.

Aliitazama karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, “Mdogo wangu, nimekosea wapi?”

“Ni r na l, dada. Na th.”

Akacheka kidogo. “Kwa hiyo mgonjwa wangu atakufa kwa sababu ya l?”

Sikuwa na jibu. Alikunja karatasi yake, akaitia mkobani, akanishukuru, akaondoka kutafuta basi la kurudi Ngozi. Kushukuriwa kule kulinichoma kuliko kama angenitukana.

Jioni ile nilikuta kaka zangu wamekaa barazani. Muuza makaa mmoja kutoka bara alikuwa amechelewa, akamwuliza mama kwa adabu kama anaweza kumwonyesha “mahari pa kurara”. Kaka yangu mkubwa akaangua kicheko: “Mahari? Kumbe mzee anataka kuoa!” Wote wakacheka. Mimi nimecheka kichekesho hicho tangu utotoni. Sisi watoto wa Buyenzi tumezaliwa ndani ya Kiswahili, na kwetu r na l ndizo tulizozitumia kumtambua mtu aliyeteremka kutoka milimani. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, niliona kwamba karatasi ya Rohero na baraza ya nyumbani kwetu zilikuwa zinafanya kazi moja.

Kwa nini yule dada alisema hivyo? Tulisoma jambo hili katika somo la fonolojia, ila sikuwa nimelifikiria nje ya darasa. Katika Kirundi r na l hazitofautishi maana. Pale Kiswahili kinapotumia l, mara nyingi Kirundi hutumia r: kulima ni kurima, kulia ni kurira, kulala usiku ni kurara. Muuza makaa hakuwa anakosea ovyo. Alikuwa anafuata kanuni ya lugha yake barabara. Kwa upande mwingine, Kirundi hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Ndiyo maana sikio la muuguzi lilikamata “ship” na “sheep” wakati mimi, mwana wa Kiswahili, nilizikosa jozi mbili kati ya tatu.

Na zile alama zangu 16? Nane za r na l nilipewa na mama yangu. Sita za th nilipewa na madrasa. Mtaani kwetu wapo wengi wanaosema “selasini” na “zahabu”, lakini mwalimu wetu wa Kurani hakuturuhusu kuichezea herufi, na baadaye nikazihamishia sauti hizo kwenye thelathini na dhahabu. Nilipokutana na “think” ulimi ulikuwa umeshajua njia. Kwa hiyo alama 14 kati ya 16 hazikutoka kwenye Kiingereza nilichojifunza kwa bidii. Zilitoka Buyenzi. Yule dada naye alitozwa alama 14 kwa kuzaliwa Ngozi.

Nilianza kusoma habari za mitihani ya lugha. Mwaka 1913, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanzisha mtihani wake wa Kiingereza kwa wageni, watahiniwa walikuwa watatu tu. Mtihani ulichukua saa 12, ukiwa na tafsiri, sarufi, insha, fasihi, hata karatasi ya fonetiki, na hakuna aliyefaulu. Mwaka 1961 Mmarekani Robert Lado aliandika kitabu kuhusu upimaji wa lugha, akashauri kwamba tupime hasa yale mambo ambayo lugha ya kwanza ya mwanafunzi inayafanya kuwa magumu. Ushauri huo una maana kwa mwalimu anayetaka kujua afundishe nini kesho. Lakini ukiutumia kumpa mtu cheti au kumnyima, unakuwa unaihesabu lugha ya mama yake kama kosa.

Mhadhiri wetu mmoja aliwahi kutusimulia kisa cha Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Waefraimu walisema Sibolethi, na kwa kosa hilo moja wakauawa, elfu arobaini na mbili. Darasa zima lilinyamaza. Sisi Warundi hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kumtambua mtu kabla ya kumsikiliza anasema nini. Najua mtihani wa Rohero haukumwua mtu. Ila nao ulikuwa kivuko, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu.

Siku iliyofuata nilimwendea msimamizi wetu, mzee aliyefundisha miaka mingi. Nilimwomba tumwongezee yule muuguzi alama tatu, nikamweleza habari ya maji na sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Kijana wangu, ukibadilisha alama baada ya kumwona mtu usoni, huo si mtihani tena. Ni huruma. Na yule wa jana aliyepata 58, ambaye hakukusimulia kisa kizuri, naye utamwongezea?”

Nilikasirika, lakini njiani kurudi nyumbani nikakubali kwamba ana hoja. Mtihani unahitaji mambo mawili: kutoa jibu lile lile kwa kila mtu, na kupima kile unachodai kupima. Karatasi yetu ilikuwa nayo lile la kwanza. La pili haikuwa nalo, na huruma yangu isingeliweza kulileta. Lililopaswa kubadilishwa lilikuwa karatasi, tena kabla mtu mwingine hajaketi mbele yake.

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki mbili. Mahali pa orodha ya maneno niliweka maelezo mafupi: mtahiniwa aeleze jambo la kazi yake kwa dakika mbili, hatua kwa hatua. Wasikilizaji wawili wasioona karatasi yake waandike walichoelewa, kila mmoja peke yake, kisha tulinganishe. Walichokielewa wote wawili kipate alama. Hata Baraza la Ulaya, ambalo viwango vyake vya A1 hadi C2 vya mwaka 2001 hutumiwa kila mahali, liliandika upya kipimo chake cha matamshi mwaka 2018, likaweka kueleweka mbele ya kumwiga mzawa. Nililitaja jambo hilo ili msimamizi asidhani ni ndoto ya mwanafunzi. Kwenye msamiati nilipendekeza tuondoe skafu na theluji, tuweke bandeji, uvimbe na risiti.

Msimamizi alikubali kuujaribu mtindo huo kwa mwezi mmoja, bila alama, sambamba na karatasi ya zamani. Likizo iliisha kabla sijajua uamuzi wa mwisho. Yule muuguzi haukumfaa kitu. Mwezi ulikwisha, na kundi la Kampala liliondoka bila yeye. Sina namba yake ya simu, na kama ningekuwa nayo sijui ningemwambia nini.

Muhula huu tuko kwenye mazoezi ya kufundisha, na wiki iliyopita niliandaa jaribio la Kiswahili kwa wanafunzi wa darasa la saba. Swali la nne niliandika bila kufikiri: soma kwa sauti, mahali, mahari, kula, kura. Nikaisimamisha kalamu. Darasa lile lina watoto arobaini na wanne, wengi wao wa Kirundi, na mimi sikuwa nimewafundisha r na l hata siku moja. Nilikuwa najiandaa kuwapima kwa kitu walichonacho watoto wa Buyenzi tu.

Sikulitupa swali. Katika Kiswahili tofauti hiyo ipo, na mwanafunzi ana haki ya kuijua. Nililitoa kwenye jaribio nikalifanya somo la Jumatatu. Nilianza ubaoni kwa kurima na kulima, kurira na kulia, kurara na kulala. Mtoto mmoja wa nyuma akanyosha mkono akasema, “Kumbe, mwalimu, Kirundi ndicho kinatuonyesha pa kuweka l!” Nikamwambia ndiyo, mara nyingi, ingawa si kila mara. Jaribio lao ni Ijumaa ya wiki ijayo, na swali la nne limerudi.