Tulipopanda Old Moshi Kuwaona Wazee

Wengi wetu tunaijua safari ya Desemba. Mabasi yanajaa kutoka Dar es Salaam, magari madogo yanabeba watu, mchele, mafuta ya kupikia na nguo mpya za watoto, na wote tunaelekea Moshi. Tukifika tunakwenda kwenye kipaimara, harusi na ibada za kumbukumbu. Tunakula, tunapiga picha, na baada ya Mwaka Mpya tunarudi mjini. Wazee tunawasalimia kwa haraka mlangoni. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, umefika?" Basi, imetosha mpaka mwakani.

Desemba iliyopita sisi kina mama sita wa usharika mmoja wa mjini tuliamua kufanya tofauti. Wengine tumezaliwa Old Moshi, wengine tumeolewa huko. Tulipatana kutangulia siku nne kabla ya waume na watoto wetu, ili tuwatembelee wazee ambao hawawezi tena kufika kanisani kwa miguu yao. Tulibeba sukari, sabuni, majani ya chai na kanga. Tulidhani tunakwenda kutoa. Kumbe tulikwenda kupokea.

Njia ya kupanda

Ukitoka Moshi mjini unapita Kiboriloni, penye soko linalojulikana kwa mitumba na ndizi, halafu unaanza kupanda. Chini ni mashamba ya mahindi na maharage, na jua ni kali. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, na migomba inakuzunguka pande zote mpaka huoni nyumba ya jirani, unasikia sauti yake tu.

Hapo ndipo kwenye vihamba. Kihamba ni shamba na nyumbani kwa pamoja. Juu kabisa kuna miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Kando ya nyumba kuna banda la ng'ombe, na hapo hapo kihambani wamezikwa babu na bibi. Wazee wa zamani walichimba mifereji kutoka kwenye mito ya msituni, wakaleta maji mpaka mashambani, na walikuwa na zamu za kuyatumia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza kilimo hiki cha kihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Bibi zetu hawakujua kwamba wanatunza urithi wa dunia. Walijua wanatunza watoto.

Old Moshi ina historia nzito. Hapa Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Hapa pia, Kidia, wamisionari wa Leipzig walifungua kituo mwaka 1896, na baadaye mchungaji Bruno Gutmann alihudumu kwa miaka mingi na kuandika mengi juu ya mila za Wachagga. Lakini sisi hatukwenda kutafuta habari za watu wakubwa. Tulikwenda kuwaona wale ambao hakuna aliyewaandika.

Shingo iliyosomesha

Bibi wa kwanza tulimkuta ameketi juani akichambua maharage. Alipotuona tunahema kwa kupanda, alicheka mpaka akafuta machozi. "Na ninyi hamna kitu kichwani!" alisema.

Alituambia maisha yake ya ndoa. Ng'ombe wa mlimani hawachungwi, maana hakuna nafasi. Wanafungwa bandani na kulishwa, na majani yalikuwa kazi ya mama. Aliamka kabla ya mapambazuko, akashuka tambarare na mundu, akakata majani, akafunga mzigo mkubwa na kupanda nao mlima akiwa ameutwika kichwani. Alifanya hivyo akiwa mjamzito, na alifanya hivyo akiwa na mtoto mgongoni. Ng'ombe alitoa maziwa na samadi, samadi ilikwenda kwenye migomba, na migomba ilirudi sufuriani.

"Kahawa ilikuwa ya baba," alisema. "Maziwa na ndizi vilikuwa vya mama. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu, lakini daftari la mtoto halisubiri msimu." Akagusa shingo yake. "Hii shingo imesomesha watoto saba."

Tulimwuliza kama hakuna siku aliyopumzika. Alifikiri kidogo, akasema siku za uzazi. Mama mkwe alimpikia mtori wa ndizi mshare na nyama, akamkataza kushika jembe muda wa miezi mitatu. "Alikuwa mkali yule mama," alisema, "lakini kwa uzazi alinifanya malkia." Sisi tulitazamana. Wangapi kati yetu tumewahi kumwuliza mama mkwe jinsi alivyouguzwa yeye alipojifungua?

Mpima kahawa

Nyumba ya pili ilikuwa ya babu aliyekuwa mpima kahawa katika chama cha msingi. Tulipompa majani ya chai alitutazama akasema, "Nimelima kahawa miaka hamsini, wajukuu zangu wananiletea chai!" Kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe hunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza.

Kwa babu huyu tulipata somo lililowashinda hata waliosoma kati yetu. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Waafrika walianzisha chama chao cha kutetea haki ya kulima kahawa, kwa sababu walowezi hawakupenda ushindani wao. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wenyeji. Babu alieleza jinsi familia nzima ilivyokaa jioni kumenya buni kwa mashine ya mkono, kuilowesha, kuiosha na kuianika kwenye vichanja, na watoto wakifukuza kuku. Kisha mzigo ulipelekwa chamani, ukapimwa, na mkulima akaandikiwa. "Nilikuwa najua deni la kila nyumba," alisema, "na sikulisema hata kwa mke wangu."

Fedha hiyo iliondoa nyumba za nyasi, zile za msonge ambamo watu na mifugo walilala pamoja, na kuleta mabati. Ilijenga shule na kulipa ada. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Ugonjwa wa chulebuni ulihitaji dawa, na dawa ilikuwa ghali kuliko buni yenyewe. Vijana wakaona heri wateremke mjini. Baadhi yao ndio waume zetu.

"Hawakukosea," babu alisema. "Sisi wenyewe tuliwasomesha waondoke. Ila hatukufikiri kwamba wakiondoka wote, jioni kutakuwa na kimya namna hii."

Krismasi mara mbili

Nyumba ya tatu ilikuwa ngumu. Ilikuwa ya mama mkwe wa mwenzetu mmoja. Mama huyu alikuwa mjane mwenye wana wawili waliokuwa hawasemeshani mwaka wa nne. Kwa desturi mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na kaka yake alipewa sehemu ya juu. Kaka alisema mdogo wake amesogeza mpaka ili apate nafasi ya banda la ng'ombe. Tangu hapo, akija Desemba, alilala nyumba ya wageni mjini na kumwita mama yake huko.

"Nakula Krismasi mara mbili," mama alituambia, "na zote mbili sishibi."

Mipaka ya vihamba hupandwa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwa Wachagga una maana nyingine pia. Aliyekosa humtuma mtu wa heshima na jani la isale kwa aliyemkosea, na si rahisi mtu alikatae. Mama huyu alimwambia mwenzetu akakate jani kwenye mpaka ule ule wa ugomvi, alipeleke kwa shemeji yake.

Mwenzetu alisita. "Mama, sisi tumeokoka. Hayo si mambo ya mila?"

Mama alimtazama kwa utulivu. "Mwanangu, mimi nimebatizwa kabla baba yako hajaoa. Nani amekuambia kusamehe ni upagani? Jani ni jani tu. Mungu anatazama mkono unaolibeba."

Tulitoka nje pamoja. Mwenzetu alisimama mbele ya masale muda mrefu bila kukata. Kisha akatuambia jambo ambalo hakuwa amelisema miaka yote minne tuliyokuwa tukiomba naye kila Alhamisi. "Mimi ndiye niliyemwambia baba watoto asilegee. Yeye alitaka kuacha mwaka ule ule wa kwanza."

Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja alikuwa na la kwake la kukumbuka. Alikata jani, tukamsindikiza. Shemeji yake alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Aliliona lile jani, akaweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali na kulipokea kwa mikono miwili. Hakusema neno la mpaka. Alisema, "Karibuni chai."

Mwenzetu alimpigia mume wake simu usiku ule akamweleza yote, hata la kwake. Tarehe 25 ndugu wawili walikula uani kwa mama yao, sufuria moja. Suala la mpaka halikwisha siku ile. Wazee wa ukoo pamoja na mwinjilisti walikaa nao mwezi wa kwanza, wakaafikiana kupanda masale upya.

Mama yule alilala katika Bwana mwezi wa tatu. Alizikwa kihambani kwake, na wanawe wote wawili walikuwa kaburini. Sisi tulikuwa tumepanga kurudi Pasaka na daftari, tumwulize habari za bibi zake na nyimbo alizoimba bandani akikamua. Hatukuwahi. Mwenzetu alisema msibani, "Nilimpata siku nne katika miaka ishirini na miwili."

Tufanye nini, wapendwa?

Katekisimo ilitufundisha amri ya nne tukiwa watoto: kuwaheshimu baba na mama. Mara nyingi tunadhani tumeitimiza kwa kutuma fedha kwa simu. Fedha inasaidia, lakini haiketi na mtu jioni. Paulo alipotaja imani ya Timotheo, alimtaja kwanza bibi yake Loisi. Naye Ruthu alimfuata Naomi, ambaye hakuwa mama yake wa kumzaa. Hebu tujaribu haya machache:

Kwanza, tukienda nyumbani tutenge angalau siku moja ya wazee tu, bila sherehe. Tukae, tuchambue maharage pamoja nao. Mzee husema vizuri mikono ikiwa na kazi.

Pili, twende na daftari na watoto. Tuulize: Ulizaliwa nyumba gani? Mama yako aliitwa nani? Uliolewaje? Mwaka wa njaa mlikula nini? Nani amezikwa wapi katika kihamba hiki? Mtoto aandike mwenyewe, akumbuke.

Tatu, tuangalie haki za wajane na mabinti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu ni mwanamke. Mambo ya kihamba yaandikwe na kushuhudiwa mzee akiwa hai na akili timamu, yasisubiri matanga.

Nne, na hili ni gumu, tujiulize kama kuna ugomvi wa waume zetu na ndugu zao ambao sisi ndio tunaupalilia. Mke aweza kuwasha moto jikoni, na aweza kuuwasha pasipotakiwa.

Tulipokuwa tukishuka siku ya kuondoka, yule bibi wa majani alitusimamisha njiani. Alikuwa ametufungia ndizi mshare, kila mmoja na fungu lake, na mafungu yenyewe yalikuwa mazito. Tulimwuliza nani amemkatia migomba. "Mimi mwenyewe," alisema. "Twikeni, tuwaone."

Tulijaribu, mpenzi msomaji. Hatukufika hata kwenye kona ya kwanza.

Ee Mungu Baba, tunakushukuru kwa wazee wetu waliobeba kabla yetu. Utupe muda wa kuwaketia wangali hai, na moyo wa kutengeneza tulipoharibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.