Mama, Simu na Mchumba Wangu

Mama yangu ni Mmoraviani wa Tunduma, na mchumba wangu ni Mwislamu wa Tanga anayetoa mizigo forodhani hapa mpakani. Hapo umeshaona kasheshe.

Mama si mtu mbaya. Ila Uislamu alioujua ni ule wa redioni: mabomu ya balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi, Agosti 1998, halafu New York 2001. "Mwanangu, hao watu wana hasira," aliniambia. Basi nikaamua kumtibu kwa simu.

Kuna Mufti Menk wa Zimbabwe, huenda unamfahamu. Anahubiri kwa Kiingereza, anatania, anawasema waume wanaowafokea wake zao. Hata wasio Waislamu wanamsikiliza. Jioni, malori yakiwa kwenye foleni yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, nilikaa na mama jikoni namtafsiria. Alicheka mpaka akafuta machozi. Wiki ya pili akawa ananiuliza mwenyewe: "Leo shekhe wangu kasemaje?"

Kumbe nami nilikuwa nachuja. Nilijua kwamba Oktoba 2017 Singapore walimzuia kuingia nchini mwao, wakisema anafundisha kuwa Mwislamu kumtakia mtu heri ya Krismasi ni dhambi kubwa. Hilo sikulitafsiri. Nilijiambia, mtu mwenye mawaidha mengi hivyo huwezi kumpima kwa neno moja. Lakini si ndivyo mama alivyofanya na redio yake, nami nikamlaumu?

Kaka yangu wa Vwawa ndiye aliyemwaga mtama. Mama hakugomba. Alinyamaza siku 2 (na kwa mama hiyo ni mbaya zaidi), kisha akasema: "Mlete huyo kijana Krismasi. Nimsikie mwenyewe, bila mkalimani."

Tarehe 25 Desemba akaja, kanzu imenyooshwa, kreti ya soda mkononi. Mimi tumbo joto.

"Shikamoo mama. Habari za sikukuu?"

"Marahaba, mwanangu. Sikukuu gani hiyo?"

Akanitazama. Nikajifanya nafunika wali.

"Ya kwenu, mama," akajibu polepole. "Nami nimekuja kuila pamoja nanyi."

Mama alimkazia macho kwa muda, kisha akapokea kreti. Habari ya mahari bado haijazungumzwa.