Jogoo wa Kuku Watatu

Jogoo husifiwa kwa sauti yake, kwa rangi zake na kwa ushujaa wake. Ni nadra mtu kuuliza ana kuku wangapi. Swali hilo ni dogo, na pengine lachekesha. Walakini katika ua wa mjane mmoja wa Chilangala, huko Newala juu ya uwanda wa Makonde, swali hilo lilimnyima mama usingizi na lilikaribia kumkosanisha na mwanawe wa pekee.

Mjane huyo alikuwa na mitetea 14. Mtu aliyezoea mabanda ya mjini hucheka akisikia hesabu hiyo, kwa kuwa yeye huwahesabu kuku kwa mamia. Lakini katika nyumba itegemeayo mikorosho na muhogo, kuku ni sanduku la fedha lenye miguu. Korosho huleta fedha mara moja kwa mwaka, minada inapofunguliwa kuanzia mwezi wa Oktoba. Na fedha hiyo, ikisha kulipa madeni ya msimu, aghalabu haioni masika. Miezi inayobaki hubebwa na kuku. Chumvi ni kuku, sabuni ni kuku, daftari na kalamu za shule ni kuku. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hata 15, akayaatamia siku 21, akalea vifaranga vyake, kisha akaanza tena. Akijaliwa, hufanya hivyo mara tatu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo yai halikuliwa ovyo katika nyumba ile. Aliyekula yai alihesabiwa kuwa amekula kuku mzima kabla hajazaliwa.

Jogoo, kwa upande wake, hakuwa mali ya mjane. Wamakonde kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika maisha ya mtoto. Kijana yule alipotoka jandoni, mjomba wake alimletea pora mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, akamkabidhi mbele ya watu. Pora akakua akawa jogoo wa kutazamwa: shingo ya rangi ya dhahabu, mkia mweusi wenye kung'aa kijani, upanga mwekundu uliosimama wima. Alipowika alfajiri, majogoo wa nyumba za mbali walimjibu, na kijana kitandani alitabasamu. Basi jogoo alikuwa wa mwana, na mitetea ilikuwa ya mama. Maadamu mitetea walikuwa 14, hakuna aliyeiona tofauti hiyo.

Kisha kikaja kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kilikuja kama kawaida yake katika miezi ya kiangazi. Kuku alisimama akisinzia, mbawa zimelegea, mavi yake ya kijani. Baadaye shingo ilimgeuka kama aliyesokotwa, akafa. Kwa muda wa juma moja walikufa 11. Walibaki mitetea watatu na jogoo. Nyumba jirani nazo zilipata msiba ule ule, na kwa baadhi yao majogoo ndio waliokwenda kwanza. Chanjo ipo, tena rahisi, tone moja katika jicho kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini chupa moja yatosha kuku mamia, na ikisha kutayarishwa haingoji. Mwenye kuku 14 akiinunua peke yake humwaga sehemu kubwa. Mwaka ule majirani walikuwa hawakupatana kununua pamoja.

Mvua za kwanza ziliponyesha mwezi wa Desemba, watu walipanda mahindi, kunde na karanga. Ni desturi wakati huo kila mtu kuwazuia kuku wake, maana kuku mmoja aweza kupekua kwa asubuhi moja mbegu alizozifukia mwanamke kwa siku nzima. Mjane akaziba ua wake kwa fito na makuti, akawafungia ndani wote wanne. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuonekana.

Wafugaji wengi husema jogoo mmoja yamfaa awe na mitetea wapatao 10. Sababu yake si siri. Jogoo mwenye nguvu aweza kupanda mara 20 na zaidi kwa siku moja. Zigawe mara hizo kwa mitetea 10: kila mmoja apata mbili, na mwili wake huzistahimili. Zigawe kwa watatu: kila mmoja apata sita au saba. Kila mara jogoo humshika mtetea kwa mdomo nyuma ya kichwa, akamkanyaga mgongoni kwa kucha, na miguu ikiteleza, miba yake ya nyuma humchana ubavuni. Tena jogoo hagawi kwa haki. Ana kipenzi chake, na kupendwa huko ni msiba. Kipenzi cha jogoo yule kilikuwa mtetea mweusi, mlezi hodari kuliko wote, ambaye mwaka uliopita alikuza vifaranga tisa katika mwezi wa mwewe wengi.

Baada ya majuma matatu mtetea mweusi alikuwa hana unyoya nyuma ya kichwa, na mgongo wake ulikuwa mwekundu kama uliounguzwa. Mwenziwe wa madoadoa aliacha kushuka juu ya kibanda ila kwa maji na chakula. Wa tatu alijipenyeza chini ya ua, akataga vichakani, na kicheche akayala mayai yote. Asubuhi moja mjane alimwinua mweusi amtazame, akaona chini ya bawa jeraha refu lililoingia nyamani, na inzi wamekwisha kulijua. Akamwita mwanawe.

"Nipe kisu, baba. Leo tunakula jogoo."

"Mama, jogoo ni wangu. Nilipewa na mjomba."

"Na daftari zako ulipewa na nani?"

Kijana hakujibu. Alimchukua jogoo kwapani akatoka naye, akashinda naye chini ya mkorosho hata jua likachwa. Mama naye hakupika mapema. Alikaa akiliosha jeraha kwa maji ya chumvi, na maji juu ya uwanda ule si kitu cha kumwaga bila kufikiri, akamweka mtetea mweusi chini ya tenga jikoni ili wenziwe wasimdonoe. Maana kuku wakiona damu hawamhurumii mwenzao.

Siku zilizofuata walijaribu hila nyingi. Kijana alisikia shuleni kwamba wafugaji wa Ulaya humvika mtetea kitambaa mgongoni kama tandiko la punda, akakata kipande cha kanga kuukuu cha mamaye akamshonea wa madoadoa. Vazi lilidumu siku mbili. Siku ya tatu lilinasa katika fito, na kuku akakutwa ananing'inia kichwa chini, hai lakini mwenye hasira. Wakachukua tupa wakazisugua ncha za miba ya jogoo mpaka zikawa butu, wala hawakuikata shinani, kwa kuwa ndani yake mna mshipa wa damu. Hilo lilifaa kidogo: majeraha yalipungua, manyoya hayakurudi. Unyoya uliong'olewa wote huota tena baada ya majuma machache, lakini uliovunjika ukaacha kijiti hungoja mpaka kuku abadili manyoya yake, na kijiti hicho humchoma kila akipandwa. Wakamfunga jogoo mguu kwa kamba. Akawika siku nzima kwa hasira, na mitetea, ambao ndio walioteswa, wakaenda wenyewe kusimama karibu naye. Aonaye ajabu katika hilo hajakaa na kuku muda mrefu.

Jirani mmoja alishauri waongeze mitetea. Ni shauri zuri kwa mwenye fedha. Hata mwenye fedha hana budi kukumbuka kuwa kuku wana daraja zao. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye aliwachungua kuku tangu utoto wake, aliandika mwaka 1922 jinsi kila kuku amjuavyo wa kumdonoa na wa kumwogopa. Mgeni akitiwa ndani huanzia chini, na huanzia kwa vidonda.

Ni haki kumtetea jogoo katika jambo moja. Asili ya kuku wa kufugwa ni kuku mwitu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, na huko jogoo aweza kutembea na mitetea wachache tu bila kuwaacha mgongo wazi, kwa sababu mtetea asiyetaka hukimbia akapotea kichakani. Hata Chilangala, katika miezi ya kiangazi, milango ikiwa wazi, jogoo huyo huyo angekwenda kutafuta riziki ya macho yake katika nyua za wengine, na mtetea mweusi angejificha chini ya muhogo. Ua uliojengwa kulinda karanga za watu ndio uliomfanya awe mkatili. Jogoo hakuzidi, nafasi ilipungua.

Mjomba alifika mwishoni mwa Januari. Kijana alimwamkia, akampokea fimbo, kisha akasimama pembeni kwa sababu alijua habari itaelezwa. Mjane akaeleza yote bila kuongeza, akaleta tenga, akalifunua. Mzee akamtazama mtetea mweusi kwa muda mrefu.

"Kaka, zawadi yako siwezi kuichinja bila wewe kujua," akasema mjane.

"Dada, zawadi si yangu tena. Ni yake." Akamgeukia kijana. "Mpwangu, nilikupa jogoo. Sikukupa ubwana. Jirani hawa wana majogoo?"

"Watatu hawana, mjomba. Walikufa."

"Wana mitetea wangapi?"

Kijana akahesabu kwa vidole. Nyumba ya kwanza wanne, ya pili wawili, ya tatu watatu.

"Na wa mama yako watatu."

"Kumi na wawili," akasema kijana. Na baada ya hapo hakuna aliyelazimika kumwambia neno.

Jambo walilolifanya lina msingi katika maumbile. Mtetea akisha kupandwa huhifadhi mbegu ya jogoo ndani ya mwili wake, na kwa muda wa siku kumi hivi mayai yake mengi huwa bado yana uzazi. Jogoo hana haja ya kukaa naye kila siku. Nyumba zilikuwa nne. Wakapatana akae siku tatu katika kila nyumba, na kila nyumba imlishe kwa siku zake. Mjane naye alisema neno lake: kabla jogoo hajavuka kizingiti cha mtu, nyumba zote nne zichange chupa moja ya chanjo, na kuku wote watiwe tone siku moja, kwa kuwa kuku atembeaye aweza kubeba maradhi. Wanawake ambao mwaka uliotangulia hawakupatana walipatana sasa, labda kwa ajili ya huzuni, labda kwa kumtaka jogoo.

Safari ya kwanza haikuwa na heshima. Kijana alimpeleka asubuhi. Magharibi jogoo alikuwa amerudi, amesimama juu ya kibanda chake, anawika kama mwenye kushinda kesi. Nyumba zimepangwa karibu karibu, na kuku huijua njia ya malaloni kwake. Ikabidi afungiwe ndani ya kibanda kigeni usiku mmoja na mchana mmoja kabla ya kuachwa, na tangu hapo akayakubali makazi yote manne. Usiku ule wa kwanza kijana hakulala vyema. Alfajiri sauti ikatoka upande usio wake, nyumba ya tatu, na mama akamsikia mwanawe akigeuka kitandani.

Mtetea mweusi alikaa chini ya tenga siku nyingi, na alipotoka mgongo wake ulikuwa umefunikwa na manyoya machanga. Alichelewa kutaga. Mwezi wa Machi aliweka mayai 12, akaatamia, yakaanguliwa tisa. Mwewe alichukua vifaranga viwili. Saba waliobaki walikua, na mwezi wa Julai mjomba alipokuja tena, mapanga yao vichwani yalikuwa yanaonekana wazi. Mzee akainama akawahesabu mmoja mmoja, akaanza kucheka peke yake.

"Mpwangu, umewaona? Mapora watano."

"Nimewaona, mjomba," akajibu kijana. Alikuwa ameshika tenga mkononi, naye alikuwa amekwisha kuwachagua wanne wa kupeleka sokoni Newala.