Ni Nani Aulishaye Mwani?

Ndugu msomaji, kitu kisichotakiwa kikiota mahali, wengi wetu hukimbilia kukisugua. Wachache huuliza kinakula nini. Leo nataka tuzungumze juu ya mwani unaoota ndani ya tangi la samaki wa baharini, kwani katika jambo hilo dogo mna somo kwa kila mwenye nyumba.

Huenda ukauliza: Sumbawanga na bahari wapi na wapi? Mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kwenda Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo jirani yangu, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na kazi, ameweka sebuleni mwake tangi la kioo. Huchanganya maji na chumvi maalumu, kiasi cha gramu 35 kwa lita, yakawa kama ya bahari. Ndani yake wamo samaki, konokono na kamba wadogo. Kuwafuga si vibaya. Lakini aliyemfungia kiumbe amebeba amana, na sote twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Mwani ulipotanda kama manyoya juu ya mawe na vioo, jirani aliusugua Ijumaa; Jumatatu umerudi. Akaja kunieleza kuwa amepata mrututu, atautia majini yamalizike. Nikamzuia. Mrututu una shaba. Huua mwani, ni kweli, lakini kamba na konokono hawaistahimili shaba, na ikishaingia katika mawe ya tangi ni taabu kuitoa. Tena mwani uliokufa huoza, ukawa chakula cha mwani mwingine.

Basi tukakaa kuhesabu. Samaki walilishwa asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila mtoto aliyepita alitupia chake. Chakula kisicholiwa huoza pamoja na kinyesi, na humo hupatikana naitreti na fosfeti, ambazo ndizo mbolea ya mwani. Maji ya bomba na ya kisima nayo huweza kuzileta. Taa iliwaka tangu alfajiri hadi usiku, na tangi lenyewe lilikuwa dirishani, juani.

Mkulima wa Kifipa analijua jambo hili kwa upande wake wa kheri. Hufukia majani katika matuta ya mviringo, intumba, yaoze, kisha udongo ule ukalisha maharage, ulezi na mahindi. Uozo ulio neema shambani ni balaa katika tangi. Wala mwani wenyewe si adui. Baharini tasi na pono huula. Unguja akina mama wameulima kwa biashara tangu mwaka 1989. Na katika fiqhi ya Imamu Shafii, maji yaliyobadilika kwa mwani ulioota humo hubaki yafaa kwa udhu. Ubaya ni kupita kiasi.

Dawa ikawa hii: chakula mara moja kwa siku, kile kinachokwisha kwa dakika mbili; taa kwa muda wa saa 8 tu; tangi liondoke dirishani; kila wiki sehemu moja ya kumi ya maji ibadilishwe, kwa maji yaliyochujwa vizuri; na mwani ung'olewe kwa mkono utupwe nje. Wiki mbili za mwanzo hakuona tofauti, akataka kuurudia mrututu. Nikamwambia asubiri. Wiki ya sita mawe yalionekana. Mwani uliobaki ni kidogo, na konokono wanaula.

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi wazazi wameniletea watoto madrasa wakisema, "Maalim, mnyooshe huyu, ni mwongo." Bakora husugua kioo tu. Mtoto yule yule, mwenye deni akibisha hodi, huambiwa na babake, "Kamwambie sipo." Uongo huo unalishwa na nani? Mwalimu anaye kwa saa mbili. Zilizobaki yuko nyumbani, na huko ndiko anakolishwa.

Basi kabla hujashika fimbo, mzazi mwenzangu, kaa uhesabu kama alivyohesabu jirani yangu: ni nini ninachotia humu kila siku? Ukikijua, kipunguze, kisha subiri. Usikate tamaa wiki ya pili.

Wabillahi tawfiq.