Ukuta Unaongoja Slebu

Ndalu ya utoto wangu, magharibi mwa Kenya, ilikuwa na kuta chache za simiti, na nyingi zilikuwa chini ya ardhi. Nyumba tulijenga kwa fito na matope, akina mama wakasiriba. Mashamba ya Wazungu yalikuwa yamekatwakatwa miaka ya 1960 na kugawiwa wananchi chini ya mpango wa ekari milioni moja, nasi tukarithi vipande pamoja na ndigana kali inayoletwa na kupe. Kwa hiyo simiti ilikwenda kwenye josho.

Siku ya josho harufu ya dawa iliwafikia ng'ombe kabla hawajaona shimo, wakaanza kugoma. Fahali mmoja akijitupa ndani, dawa ilipiga kuta pande zote mbili na kurudi ikachuruzika. Mwangalizi wetu, mzee mkali, alichovya ufito wenye alama kuona kina kimepungua kiasi gani, akaongeza maji na dawa. Sisi watoto tulijua ukuta ule unazuia dawa isitoroke. Kazi yake ya pili, ya kuzuia shamba lisiingie josho, hakuna aliyeitaja, maana dawa yenyewe ilikuwa inasaidia kusukuma kutoka ndani.

Kisha serikali ikajitoa. Kufikia miaka ya 1990 dawa ilikuwa mzigo wa kamati za wafugaji. Kamati zikagombana, michango ikakauka, na josho nalo likakauka. Watu wakanunua pampu za kubeba mgongoni. Mvua zikanyesha juu ya shimo tupu. Udongo mwekundu ukinywa maji huwa mzito, na maji yenyewe, yasipopata pa kutokea, katika kina cha mita mbili husukuma kwa tani mbili hivi kila mita ya mraba. Ukuta wetu ukapasuka kwa mstari wa kulala, tumbo likatokea kwa ndani. Zege lenyewe halikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni dawa iliyokuwa ikiuegemea.

Siku hizi Kitale na Bungoma kiwanja ni ghali, kwa hiyo anayejenga ghorofa anatamani chumba cha chini ya ardhi. Kuta za chumba hicho zinaweza kuja juu ya lori, zimemwagwa kiwandani, zimenyweshwa maji siku zake zote, hazina yale mashimo ya nyuki tunayoachiwa na fundi mwenye haraka. Sizidharau hata kidogo. Vyuma vimekaa mahali pake, na hilo si jambo dogo. Ukuta ulioshikwa chini na juu hupinda kuelekea ndani ukisukumwa, kwa hiyo chuma kikuu hukaa karibu na uso wa ndani. Ukuta usio na kitu juu huvutika upande wa udongo, chuma kinahamia huko. Kwenye mijengo yetu ya huku nimeona chuma kimewekwa katikati, ati kisionewe na upande wowote, na biskuti za kukishikilia zimesahaulika kwenye ndoo.

Karatasi nazo zimenenepa. Sheria ndogo za ujenzi za 1968 zilitutawala hadi kanuni mpya za kitaifa za 2024 zilipozirithi. Wahandisi wetu walilelewa na BS 8110, kanuni ya Waingereza ya zege. Waingereza wenyewe wakaitupa 2010, nasi 2012 tukachukua Eurocode, kanuni za Ulaya. Hata Marekani, kuta za aina hii zilipita kwanza kwa ripoti za kupimwa bidhaa moja moja, ndipo zikaandikiwa kifungu katika kanuni za nyumba za makazi. Ni haki: anayeleta kitu kigeni athibitishe. Lakini hesabu inayogongwa muhuri ni ya ukuta uliokamilika, slebu, yaani sakafu ya zege ya juu yake, imeushika, kokoto na bomba la kutoa maji viko nyuma yake. Viungo kati ya paneli vimezibwa. Mchoro unasema wazi udongo usirudishwe kabla ya slebu. Mchoro huo, aghalabu, uko ndani ya gari la mwenye nyumba.

Mtoto wa ndugu yangu anajenga maduka sokoni Ndalu, kwenye mteremko, na chini anataka stoo ya mahindi. Nilimkuta mwezi wa tatu. Paneli zimesimama wima, zimenyooka, kazi safi kuliko chochote tulichowahi kumwaga huku. Juu ni mawingu tu. Nyuma yake vijana walikuwa wanarudisha udongo kwa koleo, wameshafika kifuani, kwa sababu lori la mchanga lilihitaji njia.

Nikamuuliza slebu itamwagwa lini.

"Baba mdogo," akasema, "slebu inangoja mahindi yauzwe."

Nikamwambia angalau aziegemeze mbao kwa ndani. Akauliza mbao ni pesa ngapi.